Mombasa Hadi Maskati: Kilomita ni Zilezile, Safari Sio Ileile

Tangu nianze kuweka video za Mji wa Kale, swali ninaloulizwa zaidi si la Fort Jesus wala la milango ya nakshi. Ni hili: "Kaka, Mombasa mpaka Maskati ni masaa mangapi?" Wengine wauliza Dubai, wengine Doha. Nawaelewa. Vijana wengi wa rika langu hapa kisiwani ama wana mtu kule, ama wanasubiri viza.

Basi jibu kwanza, maneno baadaye. Kutoka uwanja wa ndege wa Moi hapa Mombasa hadi uwanja wa Maskati, ukichora mstari ulionyooka, ni kama kilomita 3,700. Ndege ya abiria ikiwa juu yaenda kama kilomita 850 kwa saa. Gawanya, ongeza muda wa kupaa na kutua, wapata masaa matano hivi. Dubai nayo ni karibu sawasawa, tofauti ya kilomita chache tu. Aliyetaka jibu la haraka anaweza kuishia hapa, safari njema.

Sasa sisi tuliobaki. Madaraka Express, tangu ilipoanza 2017, yachukua kama masaa matano kutoka Miritini hadi Syokimau. Kwa saa ya mkononi, basi, Nairobi kwa treni na Maskati kwa ndege ni mbali sawa. Lakini nani hapa Kibokoni atakwambia zimelingana? Moja wapanda asubuhi na kitambulisho chako mfukoni. Nyingine yataka pasi, viza, barua, ajenti, pesa, na dua ya mama.

Msimamo wangu ni huu: umbali wa Mombasa na Uarabuni haujawahi kupimwa kwa kilomita. Umepimwa kwa kuangalia nani ameshika njia. Zamani ilishikwa na upepo, halafu na masultani, halafu na makampuni ya Waingereza, na sasa yashikwa na ofisi ambazo haziko hapa. Na kila ilipobadilisha mkono, sisi tulisogezwa karibu au mbali bila kuulizwa.

Upepo ndio uliokuwa ratiba

Tuanze na kisa ambacho sote tulifundishwa shuleni, ila tulifundishwa nusu. Vasco da Gama alifika Mombasa tarehe 7 Aprili 1498, hakuelewana na wenyeji, akasonga Malindi. Tarehe 24 Aprili akaondoka Malindi na rubani wa bahari aliyepewa pale. Tarehe 20 Mei akatia nanga karibu na Calicut, India. Zaidi ya kilomita 4,000 kwa siku 26. Hapo ndipo mwalimu hufunga kitabu.

Nusu ya pili ni safari ya kurudi. Waliondoka pwani ya India tarehe 5 Oktoba 1498, kabla upepo wa kurudia haujasimama sawasawa. Pwani ya Afrika waliiona tena tarehe 2 Januari 1499, upande wa Mogadishu. Karibu miezi mitatu. Karibu mabaharia 30 walikufa njiani kwa ugonjwa wa kukosa matunda na mboga, na waliobaki walikuwa wachache hata wakalazimika kuichoma moja ya meli zao, São Rafael, kwa kukosa watu wa kuiendesha.

Bahari ni ileile, meli ni zilezile, watu ni walewale. Kwenda siku 26, kurudi siku 89. Sasa niambie umbali wa Malindi na India ni upi?

Wazee wetu hawakuhitaji Mreno afe ndipo wajue hayo. Walijua kwamba kaskazi, upepo wa kuanzia Desemba hadi Machi, ndio unaoleta majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba na India. Walijua kwamba kusi, kuanzia Aprili, ndio unaoyarudisha. Walijua pia kwamba kusi ikichacha katikati ya mwaka, Juni na Julai, bahari ya Arabu haichezewi, kwa hivyo nahodha aondoka mapema kusi inapoanza, au asubiri ipoe. Rubani aliyemvusha Da Gama aliondoka Aprili mwishoni. Hakubahatisha.

Fanya hesabu ya jahazi basi. Kilomita 3,700 ni kama maili 2,000 za bahari. Jahazi lenye upepo mzuri likienda maili tano kwa saa bila kusimama, ni masaa 400, yaani siku 17. Na hiyo ni hesabu ya mstari ulionyooka, ambao kwa kweli wapita juu ya nchi kavu ya Somalia. Jahazi halina mabawa. Lazima lizunguke Pembe ya Afrika, lipite bandari hii na ile, lishushe tende, lipakie boriti.

Na ukishafika, hurudi kesho. Ukija na kaskazi mwezi wa pili, wasubiri mpaka kusi mwezi wa nne. Kwa hivyo nahodha wa Sur au Kuwait alikaa hapa wiki na miezi. Alipanga nyumba, alikopa, alikopesha, aliswali Ijumaa na watu, wengine wakaoa. Mwaustralia Alan Villiers alipanda bumu la Kuwait lililoitwa Bayan pale Aden mwezi Desemba 1938, akashuka nalo pwani yetu hadi Rufiji, na akafika nalo Kuwait Juni 1939. Nusu mwaka kwenda na kurudi, na sehemu kubwa ya muda huo si kusafiri. Ni kukaa bandarini.

Hapa ndipo nataka tutue kidogo. Ule ucheleweshaji ndio uliotutengeneza sisi. Neno bandari ni la Kifursi, nahodha vilevile. Nyumba za Ghuba ziliezekwa kwa boriti za mikoko yetu, hata upana wa vyumba vyao ulifuata urefu wa boriti. Wabulushi wa Mombasa walikuja kama askari wa watawala wa Oman wakabaki. Washihiri walikuja na msimu wakafungua maduka. Tembea Ndia Kuu mpaka Kuze, hesabu majina ya familia, utaona ramani ya bahari nzima. Kama Maskati ingekuwa masaa matano mwaka 1700, nahodha angeshusha mzigo, angekunywa kahawa, akaondoka jioni. Huu Uswahili wetu ungekuwaje, sijui nani angeuongea.

Njia ileile ilibeba minyororo

Lakini jamani, tusidanganyane kwa mapenzi ya mambo ya kale. Kwenye mitandao kuna mtindo wa kuweka picha ya jahazi machweo, taarabu kidogo, basi kila kitu kilikuwa kizuri. Hapana. Kusi hiyohiyo iliyopeleka boriti na pembe za ndovu ilipeleka watu. Unguja ya karne ya 19, msimu wa kaskazi ulikuwa pia msimu wa hofu, kwa sababu kulikuwa na mabaharia wa kaskazini waliokuwa wakiiba watoto na kuondoka nao upepo ukigeuka. Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga biashara ya watumwa baharini mwaka 1873. Mwaka 1875, ng'ambo ya pili ya maji, ukisimama Mji wa Kale waona, kikaanzishwa kijiji cha waliokombolewa, Frere Town, ambapo leo twapaita Kisauni.

Kwa waliofungwa ndani ya majahazi yale, Maskati haikuwa siku 17. Ilikuwa haina kurudi. Hili niliweke wazi kwa sababu nitalirudia kwa njia nyingine nikifika mambo ya leo.

Ngome, Goa na sultani aliyefia njiani

Ukitaka kuona umbali unavyoua dola, ingia Fort Jesus. Majeshi ya Oman yaliizingira ngome ile kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33. Wareno waliokuwa ndani walitegemea msaada kutoka Goa, zaidi ya kilomita 4,000, na Goa nayo ilikuwa inasubiri upepo. Meli moja ya msaada, Santo Antonio de Tanna, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697. Mabaki yake yalichunguzwa na wapiga mbizi miaka ya 1970, na vitu vilivyotolewa vipo kwenye jumba la makumbusho mle ndani, nenda ukavione. Ngome ilianguka Desemba 1698. Msaada mwingine kutoka Goa ulitokea siku chache baadaye, ukakuta bendera ya watu wengine juu.

Kilichowashinda ni siku chache baada ya karibu miaka mitatu. Ndivyo umbali ulivyokuwa.

Waliowashinda nao umbali haukuwaacha. Sayyid Said, aliyeichukua Mombasa kutoka kwa Mazrui mwaka 1837, alikuwa na miji mikuu miwili, Maskati na Unguja, na bahari nzima katikati. Oktoba 1856 alikuwa akitoka Maskati kurudi Unguja. Akafia melini, upande wa Shelisheli. Mtawala wa pande zote mbili alikufa akiwa hayuko upande wowote. Wanawe wakagombana, na mwaka 1861 Waingereza wakaigawa dola: Unguja na pwani huku, Oman kule, na Unguja ilipe Maskati fedha 40,000 kila mwaka. Sisi Mombasa tukabaki upande wa Unguja. Hakuna mtu aliyekuja Kibokoni kuuliza.

Moshi, kisha mabawa

Halafu ikaja meli ya moshi, ambayo haimwombi upepo ruhusa. Suez ilifunguliwa 1869. Kuanzia 1872 kampuni ya British India ilianza kupeleka meli za barua kati ya Aden na Unguja kila mwezi. Kila mwezi, kaskazi au kusi! Kwa mara ya kwanza safari ikawa na tarehe. Lakini angalia: nahodha alikuwa mtu wa bahari hii, jahazi lake na mzigo wake. Meli ya moshi mwenyewe yuko mbali, na ratiba yake imeandikwa mbali. Bandari yenyewe ikahama. Kilindini ikajengwa kwa ajili ya meli kubwa na reli, na Bandari ya Kale ikaachiwa majahazi.

Hata ndege, wengi hawajui, zilitufikia mapema. Mwaka 1937 Imperial Airways ilipoanza kutumia ndege za majini kutoka Southampton hadi Durban, Mombasa ilikuwa mojawapo ya vituo. Ndege zilikuwa zikitua juu ya maji kama bata. Yaani Mombasa ilikuwa kwenye njia kuu ya anga ya Afrika kwa sababu ileile iliyoifanya iwe kwenye njia ya majahazi: maji yaliyotulia, yaliyozungukwa na nchi.

Baada ya vita mambo yakageuka. Ndege zikawa za magurudumu, na fedha za viwanja zikapanda bara. East African Airways ilianza 1946, makao yake Nairobi. Embakasi ikafunguliwa 1958. East African Airways ikavunjika 1977, Kenya Airways ikazaliwa mwaka huohuo, makao yake Nairobi vilevile. Uwanja wetu wa Port Reitz, uliotumika na majeshi wakati wa Vita vya Pili, ulipanuliwa ukawa wa kimataifa mwishoni mwa miaka ya 1970 na kupewa jina la Moi. Lakini wa kimataifa kwa nani? Kwa miaka mingi Mjerumani aliweza kupanda ndege Frankfurt, zaidi ya kilomita 6,500, akashuka Mombasa moja kwa moja kwenda kuota jua Diani. Mtu wa Mji wa Kale aendaye kumwona shangazi yake Maskati, karibu nusu ya umbali huo, akaambiwa apitie Nairobi kwanza.

Hesabu ya kurudi nyuma

Chukua ramani. Maskati iko kaskazini mashariki yetu. Nairobi iko kaskazini magharibi. Kutoka Mombasa hadi Nairobi kwa ndege ni kama kilomita 420. Kutoka Nairobi hadi Maskati ni kama 3,600. Umesafiri kilomita 420, umelipa, umesimama foleni, na safari iliyobaki imepungua kwa chini ya kilomita 100. Ongeza kuwahi uwanjani, ongeza kusubiri ndege ya pili, na yale masaa matano yawa nusu siku kwa urahisi.

Ndio maana flydubai ilipoanza kuja Mombasa moja kwa moja Januari 2024, watu wa hapa walifurahi kuliko watu wa nje walivyoelewa. Haikuwa habari ya utalii peke yake. Ilikuwa mara moja moja ile ambapo mlango wa bahari unafunguliwa kutoka upande wa bahari. Na ndio maana mjadala wa kuyaachia mashirika ya nje yatue hapa kwa uhuru zaidi hauishi Mombasa. Wanaopinga wasema lazima tulinde shirika letu la ndege. Hoja hiyo ina uzito, kuna ajira za Wakenya pale. Lakini "letu" hiyo nauliza kila siku: mtu wa Kuze anayelipia kwenda nyuma ili aende mbele, analindwa na nani?

Masaa matano yasiyofika

Sasa nirudi kule nilikosema nitarudi. Tuseme tumepata ndege za moja kwa moja kila siku, Maskati, Dubai, Doha, zote. Tumekuwa karibu?

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Tangu siku hiyo kila harusi ninayokwenda kuna mjomba wa kuniambia, "Si uende Uarabuni tu, ni masaa matano!" Nami humfikiria binamu yangu. Yuko Maskati mwaka wa tatu, kazi ya nyumbani. Bibi yetu alipofariki, alifariki alfajiri, na wajua desturi yetu, maiti haikai. Adhuhuri tulimswalia, kabla ya Alasiri tushamzika. Hata angekuwa na tiketi mkononi na ndege imewasha injini, asingewahi. Hilo ni la Mungu. Lakini hakuweza kuja hata kwa hitima, wala arobaini, wala mwaka uliofuata, kwa sababu pasi yake iko kwenye kabati la mwajiri. Alihudhuria kwa simu, amejifungia bafuni asisikike akilia.

Kwake yeye ni kilomita 3,700, masaa matano, na miaka mitatu.

Silinganishi kazi ya mkataba na utumwa, na wako wengi walioenda wakajenga nyumba, wakasomesha wadogo zao, na wanaheshimiwa. Nasema kitu kimoja tu: haijalishi chombo kina kasi gani kama hujashika wewe ruhusa ya kurudi. Nahodha wa Sur alichukua nusu mwaka, lakini alijua kusi ikivuma yuko njiani kwao. Binamu yangu ana ndege kila siku juu ya kichwa chake na hana kusi.

Tutake nini basi

Nimechoka na sisi kulia kwa historia halafu tukafunga simu. Mimi nataka mambo matatu.

La kwanza, Mombasa idai ndege za moja kwa moja kama haki ya mji wa bahari, sio kama zawadi ya msimu wa watalii. Viongozi wetu wa kaunti wakija na picha za uwanja wa ndege, waulizwe: ndege ngapi za kwetu, za watu wanaokwenda kuzika, kuoa, kutibiwa na kufanya biashara?

La pili, kabla mtoto wa mtu hajapanda ndege kwenda kazi, familia iulize swali moja kabla ya mshahara: pasi itakaa na nani? Ajenti akijikanyaga kwenye jibu hilo, rudisha begi ndani.

La tatu, tuandike. Kuna wazee Mji wa Kale waliopanda majahazi hayo, waliopokea tende kwa mikono yao pale Bandari ya Kale, wanaojua kusi inaanza vipi kwa kunusa. Bandari ile sasa ina majahazi machache, na wazee nao wanapungua. Mimi sina digrii, nina simu na stendi ya miguu mitatu, na Jumamosi huwa nazunguka Kibokoni nikirekodi atakayekubali. Aliye na babu au bibi wa kuongea, niandikieni, nitakuja mimi mwenyewe.

Na hapo chini msiniulize tena masaa. Niambieni: nyumbani kwenu nani yuko ng'ambo, na mara ya mwisho alirudi lini?